Montreal na Boston za muda wote: jinsi ya kulinganisha vikosi viwili ambavyo haviwezi kukutana

Mabishano kuhusu mchezaji bora wa muda wote yapo katika kila mchezo, lakini katika hoki ya barafuni yalipamba moto upya tarehe 6 Aprili 2025, pale Alex Ovechkin wa Washington Capitals alipofunga bao lake la 895 na kumpita Wayne Gretzky, aliyestaafu mwaka 1999 akiwa na mabao 894. Wapo walioona kwamba suala limekwisha, kwa kuwa mwenye mabao mengi ndiye mfungaji mkubwa kuliko wote. Wapo pia waliojibu kwamba bao la mwaka 1982 na bao la mwaka 2015 halikuwa jambo la uzito mmoja, na kwamba kuzilinganisha hesabu mbili bila kutazama mazingira yake ni kujidanganya. Ubishi huo unakuwa mgumu zaidi unapohamia kutoka kwa mtu mmoja hadi timu nzima, yaani pale mashabiki wanapounda vikosi viwili vya muda wote, wakavipanga katika hatua ya mtoano, kisha wakaulizana nani angeshinda.

Kwanza neno fantasi lenyewe linahitaji kuwekwa sawa, kwa sababu msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala amelizoea kupitia Ligi Kuu ya Uingereza, ambako unachagua wachezaji walio hai na wanaocheza, na mwisho wa wiki unapata pointi kulingana na walichokifanya uwanjani. Fantasi ya muda wote haina mwisho wa wiki. Wachezaji wake wengi walishastaafu, baadhi walifariki zamani, na hakuna mechi itakayochezwa. Kinachoamua mshindi ni hoja: kila upande unaeleza kwa ushahidi kwa nini kikosi chake kingeshinda, na wasikilizaji wanapiga kura. Kwa hiyo ubora wa shindano zima unategemea ubora wa kulinganisha, na hapo ndipo watu wengi huteleza.

Hoki ya barafuni si ngeni kabisa kwetu, kwa kuwa Nairobi ina uwanja wa barafu katika Hoteli ya Panari na Kenya ilikubaliwa mwaka 2024 kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hata hivyo, maelezo mafupi yatasaidia. Kila timu huwa na watu sita juu ya barafu: mlinda mlango, mabeki wawili, mshambuliaji wa kati na mawinga wawili. Wanakimbiza kisahani kigumu cha mpira kwa magongo, katika vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa mbio za barafuni zinachosha haraka, wachezaji hubadilishana kila baada ya dakika moja hivi au chini yake, bila mchezo kusimama, na ndiyo maana timu huwa na safu nne za washambuliaji na jozi tatu za mabeki zinazopokezana zamu. Mlinda mlango peke yake hubaki dakika zote 60. Mchezaji hupewa pointi moja kwa kila bao analofunga na pointi moja kwa kila pasi inayozaa bao. Ligi kubwa ya mchezo huu, NHL, iliundwa mjini Montreal mwezi Novemba 1917, na katika hatua ya mtoano timu mbili hukutana hadi mechi saba, ambapo anayetangulia kushinda nne ndiye anayesonga mbele kuelekea Kombe la Stanley.

Nimechagua kulinganisha kikosi cha muda wote cha Montreal Canadiens na kile cha Boston Bruins, kwa sababu hakuna timu mbili zilizokutana mara nyingi zaidi katika mtoano, na kwa sababu nguvu zao ziko mahali tofauti. Sheria ninayoifuata ni kwamba mchezaji anahesabiwa kwa miaka aliyoichezea klabu husika tu. Hii si sheria ndogo. Patrick Roy alipata tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mara tatu, lakini ile ya mwaka 2001 aliipata akiwa Colorado, kwa hiyo Montreal inabaki na zile za 1986 na 1993. Kombe pekee la Ray Bourque nalo ni la Colorado, mwaka huohuo wa 2001, hivyo kwetu hapa Bourque ni beki aliyeitumikia Boston zaidi ya miaka 20 bila kombe.

Langoni Montreal wana Jacques Plante, na nyuma yake wapo Roy na Ken Dryden. Mabeki wao wanaongozwa na Doug Harvey na Larry Robinson, wakifuatiwa na Serge Savard na Guy Lapointe. Safu ya kwanza ya mbele ina Jean Béliveau katikati, Dickie Moore kushoto na Maurice Richard kulia; ya pili ina Howie Morenz kati ya Aurel Joliat na Guy Lafleur; ya tatu ina Henri Richard, mdogo wake Maurice, pamoja na Bob Gainey na Bernard Geoffrion. Boston wana Frank Brimsek langoni, akisaidiwa na Tim Thomas na Tiny Thompson. Mabeki wao ni Bobby Orr, Ray Bourque na Eddie Shore, na baada yao wapo Zdeno Chara, Brad Park na Dit Clapper. Mbele wapo Phil Esposito, Milt Schmidt na Patrice Bergeron katikati, na pembeni Johnny Bucyk, Cam Neely, Brad Marchand, David Pastrnak na wenzao.

Kosa la kwanza na kubwa kuliko yote ni kuchukua jumla za takwimu na kuziweka katika mizani moja. Chukua shilingi: mtu aliyelipwa shilingi elfu moja kwa mwezi miaka ya sabini hakuwa maskini kuliko anayelipwa laki moja leo, na ili kujua nani alikuwa na uwezo zaidi unauliza kila mmoja angenunua nini kwa bei za wakati wake. Mabao nayo yana bei inayopanda na kushuka. Katika msimu wa 1928-29 pasi ya mbele ilikuwa imebanwa na sheria, na timu mbili kwa pamoja zilifunga wastani wa chini ya mabao matatu kwa mechi. George Hainsworth wa Montreal alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa hata bao moja. Msimu uliofuata pasi ya mbele iliruhusiwa katika kanda zote za uwanja, na mwanzoni mchezaji aliweza hata kutangulia mbele ya kisahani na kusubiri karibu na lango, mpaka sheria ya kuotea ilipoletwa katikati ya msimu. Wastani ukaruka hadi karibu mabao sita. Cooney Weiland wa Boston akapata pointi 73 katika mechi 44, ilhali rekodi ya kabla yake, aliyoiweka Morenz, ilikuwa 51. Weiland alikuwa mchezaji mzuri sana, lakini hakuna mtu mwenye busara atakayesema alikuwa bora kuliko Morenz kwa sababu ya msimu ule. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wastani ulifika takriban mabao manane kwa mechi. Katika msimu wa 2003-04 ulikuwa umeshuka hadi zaidi kidogo ya matano, na aliyeongoza ligi nzima kwa pointi alikuwa na 94.

Idadi ya mechi nayo imebadilika. Maurice Richard alipofunga mabao 50 katika msimu wa 1944-45, ratiba yote ilikuwa na mechi 50. Tangu 1995-96 ratiba ya kawaida imekuwa ya mechi 82. Kwa hiyo mtu anayelinganisha mabao 544 ya maisha yote ya Richard na mabao ya winga wa leo, asitazame mechi wala wastani wa zama, anakuwa ameshamdhulumu Richard kabla hajaanza kuhukumu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuuliza mchezaji aliwazidi wenzake wa zama zake kwa kiasi gani. Bobby Orr mwaka 1970 alikuwa beki wa kwanza kuongoza ligi kwa pointi, akiwa na 120, na aliyemfuata, Esposito, alikuwa na 99. Beki anayewapita washambuliaji wote kwa pointi 21 hahitaji marekebisho ya bei ili aonekane wa ajabu. Esposito mwenyewe alifunga mabao 76 msimu uliofuata, na wa pili katika ligi, mwenzake Bucyk, alikuwa na 51.

Lakini pengo nalo linahitaji kuchunguzwa, na hapa ndipo kazi inapokuwa na utamu. Msimu wa Richard wa mabao 50 ulikuwa wa vita, wakati wachezaji wengi wazuri walikuwa jeshini, na kuna wanaosema kwamba kwa hiyo haufai kuhesabiwa. Jibu haliko katika msimu huo bali katika miaka iliyofuata. Wanajeshi waliporudi, Richard alishuka hadi mabao 27 katika 1945-46, jambo linaloonyesha kwamba vita vilimpa nafuu kweli. Kisha mwaka uliofuata, ligi ikiwa imetimia, akafunga 45 na kuongoza, na akaongoza tena mara tatu, ya mwisho ikiwa 1954-55. Mtu wa bahati ya vita haongozi ligi kwa mabao muongo mmoja baadaye. Nampunguzia Richard kidogo kwa ule msimu mmoja, na simpunguzii chochote kwa mengine.

Vita hivyohivyo viliwadhulumu Boston kwa upande wa pili, na hili husahaulika mara nyingi mno. Milt Schmidt, Woody Dumart na Bobby Bauer, safu moja ya Boston, walishika nafasi tatu za juu kwa pointi katika ligi msimu wa 1939-40. Mwaka 1942 wote watatu walijiunga na jeshi la anga la Kanada, na miaka yao bora ikapita wakiwa mbali na ligi. Brimsek naye alipoteza misimu miwili akiwa katika kikosi cha walinzi wa pwani cha Marekani. Ukizisoma takwimu zao za maisha yote bila kukumbuka hilo, utawaona kama wachezaji wa daraja la pili, nao hawakuwa hivyo.

Kuna hoja nyingine inayoletwa kila mara, kwamba wachezaji wa leo ni wakubwa, wana lishe bora na mazoezi ya kisayansi, kwa hiyo wangewasambaratisha wa zamani na mjadala mzima hauna maana. Ni kweli kwamba Chara, mwenye urefu wa sentimita 206, angekuwa jitu katika miaka ya ishirini. Lakini hoja hiyo inampa mchezaji sifa kwa mambo asiyoyafanya yeye. Kabla ya tarehe 1 Novemba 1959, siku Plante aliporudi barafuni mjini New York akiwa amevaa barakoa baada ya kisahani kumpasua uso, kulinda lango bila kitu usoni ndiyo ilikuwa desturi ya ligi. Kumpima mtu huyo dhidi ya mlinda mlango wa leo aliyefunikwa mwili mzima ni kupima vifaa. Ndiyo maana katika mijadala ya muda wote inakubalika kwamba kila mchezaji anaingia akiwa na kiwango chake cha ubora kulingana na zama zake, kana kwamba angezaliwa upya na kulelewa sawa na wapinzani wake.

Tuzo zinaonekana kuwa njia ya mkato, nazo zina mitego yake. Tuzo ya Vezina ya walinda mlango ndiyo inayopotosha zaidi. Hadi msimu wa 1980-81 haikupigiwa kura. Ilitolewa kwa walinda mlango wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote. Kwa hiyo ilikuwa tuzo ya ulinzi wa timu nzima kwa kiasi kikubwa. Bill Durnan wa Montreal aliipata mara sita katika misimu saba aliyocheza, na Plante mara sita akiwa Montreal, naye Harvey akiwa mbele yake katika tano kati ya hizo. Kuanzia 1981-82 mameneja wa klabu ndio wanaopiga kura kumchagua mlinda mlango bora, na tuzo mbili za Tim Thomas, za 2009 na 2011, ni za aina hiyo. Mtu anayesema Plante ana sita na Thomas ana mbili, basi Plante ni mara tatu ya Thomas, analinganisha vitu viwili vyenye jina moja. Lakini usikimbilie upande wa pili na kumdharau Plante: mwaka 1962, baada ya Harvey kuondoka, Plante alichaguliwa kuwa mchezaji wa thamani zaidi katika ligi nzima, na hiyo ilikuwa ni kura.

Mtego wa pili ni tuzo ambazo hazikuwepo. Tuzo ya beki bora, Norris, ilianza msimu wa 1953-54. Orr aliipata mara nane mfululizo, Bourque mara tano, Harvey mara saba, sita kati yake akiwa Montreal. Shore hana hata moja, kwa sababu alikuwa ameshastaafu, lakini alichaguliwa mara nne kuwa mchezaji wa thamani zaidi wa ligi, na hakuna beki mwingine aliyefika idadi hiyo. Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ilianza 1965, ikiwa Maurice Richard ameshamaliza kazi yake. Tuzo ya mshambuliaji bora katika ulinzi ilianza 1978, na Gainey akaichukua mara nne za mwanzo. Bergeron ameichukua mara sita, ambayo ni rekodi. Henri Richard, ambaye alikaba kwa bidii ileile miaka ya hamsini na sitini, hakuwa na tuzo ya kugombea.

Makombe ndiyo silaha kuu ya watetezi wa Montreal. Klabu ina 24, Boston ina sita. Henri Richard peke yake ana 11, Béliveau ana 10 kama mchezaji. Aidha, katika mara 34 ambazo klabu hizi zimekutana katika mtoano, Montreal imeshinda 25, na kati ya 1946 na 1987 ilishinda zote 18 mfululizo. Ni historia nzito, nami naiheshimu, ila haitufai hapa kama ushahidi wa moja kwa moja. Timu zilizopoteza mara hizo 18 hazikuwa na Orr na Bourque na Shore kwa wakati mmoja. Shore alistaafu kabla Orr hajazaliwa, na Bourque alifika Boston mwaka 1979, miaka mitatu baada ya Orr kuondoka. Thamani ya kikosi cha muda wote ni kwamba kinawaweka pamoja watu ambao maisha yaliwatenganisha, na kinachopaswa kuulizwa ni nini kingetokea wakiwa pamoja.

Tukifika hapo, jambo la kutazama ni dakika, na nadhani hakuna kigezo kinachopuuzwa zaidi ya hiki. Winga nyota hucheza takriban theluthi moja ya mechi. Beki nyota huweza kufika nusu. Kwa mabeki wawili barafuni kwa dakika 60, timu inagawa dakika 120 za ulinzi, na Boston inaweza kuwapa Orr, Bourque na Shore zaidi ya themanini kati ya hizo bila kumchosha yeyote kupita alivyozoea. Maana yake ni kwamba Montreal haitapata zamu hata moja ya kukutana na mabeki wa Boston wa kawaida. Kila mara Béliveau atakapovuka mstari wa buluu, ule wa kuingia eneo la Boston, mmoja wa mabeki watatu wakubwa kuliko wote katika historia atakuwa anamsubiri, na kisahani kikinyakuliwa hapo mashambulizi yanageuka mara moja, kwa sababu wote watatu walijulikana kwa kubeba kisahani wenyewe kutoka nyuma hadi lango la pili. Harvey anastahili kukaa nao meza moja, maana aliutawala mwendo wa mchezo, akiuharakisha na kuupoza apendavyo. Robinson na Savard ni wakubwa pia, na Savard ndiye beki wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, mwaka 1969. Lakini wa pili na wa tatu wa Montreal si Bourque na Shore. Katika nafasi ya beki Boston inaongoza, na inaongoza mahali penye dakika nyingi.

Uwepo wa Orr unabadilisha pia hesabu ya Esposito. Wapo wanaomshusha Esposito kwa sababu baada ya kuuzwa New York mwaka 1975 hakufikisha tena mabao 50 katika msimu, na hivyo wanasema mabao yake yalikuwa zawadi ya Orr. Huenda wana haki kwa sehemu. Ila katika kikosi hiki Esposito anacheza na Orr, kwa hiyo kasoro hiyo haimgusi. Kwa mantiki hiyohiyo, Moore na Richard na Béliveau walicheza pamoja katika timu iliyotwaa makombe matano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960, na mazoea yao hayahitaji kukisiwa.

Kwa upande wa washambuliaji Montreal iko juu, na pengo linapanuka kadiri unavyoshuka safu kwa safu. Lafleur aliongoza ligi kwa pointi miaka mitatu mfululizo, 1976 hadi 1978, naye hapa yuko safu ya pili. Moore aliongoza mwaka 1958 akicheza sehemu ya msimu na plasta mkononi, kisha akaongoza tena 1959. Mawinga wa Boston ni wazuri, na Neely alipofikisha mabao 50 katika mechi yake ya 44 tu msimu wa 1993-94 alionyesha kitu ambacho wachache wamekionyesha, lakini majeraha yalimkatiza mapema. Ukimweka kando Esposito na Schmidt, hakuna mshambuliaji wa Boston ambaye angekuwa na uhakika wa nafasi katika safu mbili za kwanza za Montreal. Bergeron ni jambo tofauti: kazi yake katika mfululizo huu isingekuwa kufunga, ingekuwa kumnyima Béliveau nafasi ya kupumua.

Nguvu ya ziada, yaani dakika mbili ambazo timu inacheza na mtu mmoja zaidi baada ya mpinzani kutolewa kwa adhabu, ina historia inayostahili kusimuliwa. Zamani mtu aliyeadhibiwa alikaa nje dakika zote mbili hata kama timu yake ingefungwa mabao matatu. Montreal ya 1955-56, ikiwa na Harvey, Geoffrion, Béliveau na Maurice Richard kwa pamoja, iliitumia nafasi hiyo kwa ukatili kiasi kwamba kuanzia msimu uliofuata ligi ilibadili sheria: bao moja likifungwa, aliyeadhibiwa anarudi. Sijui ushahidi mwingine wa ubora unaozidi ligi kulazimika kujikinga dhidi yako. Hata hivyo Boston ikiwapanga Orr na Bourque nyuma na Esposito mbele ya lango haitakuwa na cha kuonea haya, na ninaziweka timu hizi sawa katika kipengele hicho.

Linabaki lango, na lango ndilo linaloamua mifululizo mifupi. Mtoano ni mechi saba tu, na katika mechi saba timu bora kwa mbali inaweza kuanguka. Boston inalijua hilo kuliko klabu yoyote. Timu yake ya 1929-30 ilishinda mechi 38, ikafungwa tano na kutoka sare moja, kiwango cha ushindi ambacho hakijafikiwa hadi leo. Ikaingia fainali dhidi ya Montreal na kupoteza mechi mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeipata msimu wote, na kombe likaenda. Mwaka 2023 iliweka rekodi ya ushindi 65, ikatolewa na Florida katika raundi ya kwanza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Aprili 1971. Boston ilikuwa imefunga mabao 399 katika msimu, na nafasi nne za juu kwa pointi katika ligi nzima zilikuwa za watu wake. Montreal ikamweka langoni kijana aitwaye Ken Dryden, aliyekuwa amecheza mechi sita tu za ligi. Boston ilishinda mechi ya kwanza, na katika ya pili ikaongoza 5-1 nyumbani. Karibu na mwisho wa kipindi cha pili Henri Richard akafunga. Kipindi cha tatu kilipoanza Béliveau, aliyekuwa katika msimu wake wa mwisho, akafunga mawili. Na kabla ya kengele Montreal ilikuwa imeshinda 7-5. Mfululizo ulikwenda hadi mechi ya saba, mjini Boston, na Montreal ikaimaliza 4-2. Miongoni mwa yote aliyoyafanya Orr, hakuna lililoweza kuufidia uwezo wa kijana yule wa kuokoa mashuti yaliyopaswa kuwa mabao.

Katika kikosi hiki Dryden ni wa tatu kwa Montreal. Hapo ndipo tofauti inapoonekana: Brimsek alikuwa mlinda mlango wa kiwango cha juu, aliyemaliza mechi 10 bila kufungwa katika msimu wake wa kwanza, 1938-39, lakini Plante, Roy na Dryden kila mmoja ana rekodi ya mtoano inayompita. Kocha wa Montreal akiona Plante anayumba anaweza kumgeukia Roy, ambaye mwaka 1993 alishinda mechi 10 mfululizo zilizoamuliwa katika dakika za nyongeza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni Montreal kwa mechi saba, na si nne au tano kama wanavyodai wanaohesabu makombe. Boston ingeutawala mchezo kwa vipindi virefu kwa sababu ya mabeki wake, na katika mechi za nyumbani, ambako kocha mwenyeji ana haki ya kubadilisha wachezaji wa mwisho, ingempeleka Bergeron na Bourque dhidi ya Béliveau kila ipendapo. Montreal ingeishi kwa walinda mlango wake na kwa safu yake ya pili na ya tatu, ambazo Boston isingekuwa na watu wa kutosha kuzikaba.

Hukumu hiyo inategemea sheria niliyoianza nayo, ya kumhesabu mchezaji kwa miaka yake yote ndani ya klabu. Wapo wanaocheza kwa sheria nyingine, kwamba kila mtu aletwe kama alivyokuwa katika msimu wake mmoja bora. Chini ya sheria hiyo Orr asingekuwa na goti bovu, Schmidt asingekuwa na miaka iliyomezwa na vita, na Boston isingelazimika kuanza na Brimsek. Ingemleta Tim Thomas wa 2010-11, aliyeokoa asilimia 93.8 ya mashuti katika msimu, akaitoa Montreal katika mechi ya saba iliyoamuliwa kwenye dakika za nyongeza, kisha akafungwa mabao manane tu katika mechi saba za fainali dhidi ya Vancouver. Kwa sheria hiyo ningeipa Boston kura yangu.